Bunduki, baruti au darubini: nini hasa kilibadilisha uwindaji huku Kusini, na anayeanza kazi anunue nini?

#1 Mdau_Nachingwea

Wakuu, salaam.

Mimi ni kijana wa Nachingwea. Msimu huu nimepata nafasi ya kujifunza kazi chini ya mwindaji bingwa kwenye kitalu kimoja cha uwindaji upande wa Liwale. Msimu unafunguliwa Julai 1, kwa hiyo muda upo ila si mwingi. Silaha nitakabidhiwa na kampuni. Vitu vingine najitegemea: mavazi, viatu, darubini ya mkononi, kisu na vikorokoro vyote vya porini.

Sasa kabla sijatoa hela, nina hoja. Naona kilichobadilisha uwindaji kuliko kitu chochote ni darubini, si bunduki. Mtambo wa Mauser wa mwaka 1898 ndio baba wa raifo nyingi za bolti (kile chuma unachokivuta na kukisukuma kwa mkono kujaza risasi) zinazouzwa mpaka leo. Kilichoongezeka ni macho: darubini juu ya mtutu, darubini ya kifuani, kipima umbali cha leza. Mzee wa zamani alilazimika kunyata mpaka amsikie mnyama akitafuna. Ndiyo maana nataka hela yangu nyingi iende kwenye lenzi.

Nipingeni kwa hoja. Na mwenye uzoefu wa miombo ya kwetu aniambie nianze na nini. Natanguliza shukrani.

#2 Mwera_wa_Nyangao

Hongera kwa kazi, mdogo wangu. Hoja yako nzuri lakini umeanzia katikati ya safari.

Kilichobadilisha ni baruti. Mfaransa Paul Vieille alitengeneza baruti isiyotoa moshi mwaka 1884, na 1886 jeshi lao likaingiza bunduki ya Lebel inayoitumia. Kabla ya hapo, baruti nyeusi ilikuwa dhaifu. Ukitaka kumwangusha mnyama mkubwa ilibidi risasi iwe nene kama kidole gumba, na bunduki iwe nzito ya kubebwa na watu wawili kwa zamu. Ukishafyatua, moshi unatanda mbele yako, humwoni mnyama wala hujui kama anakimbia au anakujia. Baruti mpya ikaleta risasi nyembamba inayokwenda kasi na kuingia ndani zaidi. Hiyo darubini yako ingekuwa na faida gani ukiwa ndani ya wingu?

Hata vita vya hapa kwetu vilionyesha. Mwaka 1914 kampuni nyingi za askari wa Wajerumani zilikuwa bado na Mauser ya 1871, ya baruti nyeusi. Kila wakipiga, moshi unawataja walipo. Walifurahi mno walipoteka bunduki za Waingereza.

#3 Mjukuu_wa_Matumbi

Mwera umegusa penyewe. Nyumbani kwetu Kilwa wazee wa wazee walitumia gobore. Magobori yaliingia kwa wingi kupitia Kilwa Kivinje enzi za biashara ya pembe na watumwa, na mwaka 1905 Maji Maji ilipoanzia milima ya Matumbi, watu walikabili bunduki za rashasha wakiwa na mikuki, mishale na magobori hayo.

Kijana, ujue kazi yake ilivyokuwa. Unamimina baruti mdomoni mwa mtutu. Unasokomeza kitambaa au nyuzi za gome. Unashindilia kwa ufito mpaka ufito wenyewe uruke mkononi, ndipo unajua imekaa. Unaweka risasi, au vipande vya chuma kama risasi hakuna, unasokomeza tena. Halafu fataki, kile kidonge cha kuwasha baruti, juu ya chuchu iliyo nyuma ya mtutu. Yote hiyo kwa risasi MOJA. Mvua ikinyesha, baruti inalowa na unarudi nyumbani mikono mitupu. Ukikosa, huna ya pili, na nyati anajua.

Kwa hiyo mimi nasema mabadiliko makubwa ni ganda la risasi: baruti, fataki na kichwa vyote ndani ya kopo moja la shaba lisilopenya maji. Hilo lilikuja kabla ya huyo Vieille.

#4 Bi_Chikundi

Mjukuu, hongera kwa maelezo ya gobore. Niongeze tu kwa vijana wanaosoma: gobore la kienyeji kumiliki leo bila kibali ni kosa, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 haichezi. Kila mwaka watu wanafungwa kwa urithi wa babu.

#5 Mngindo_Traka

Salaam wote. Mimi nimefuata nyayo Liwale miaka mingi, kabla na baada ya ile 2019 sehemu ya Selous kuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Nimesoma hapa baruti, ganda, darubini. Acheni niseme kifaa changu.

Kifaa changu ni soksi ya mtoto iliyojaa majivu. Majivu laini ya mti mgumu, umeyachekecha hadi hakuna kaa. Unaining'iniza kwenye mkanda. Kila baada ya hatua kadhaa unaigusa kwa kidole, kiwingu kidogo cha kijivu kinatoka, unakitazama. Kikienda nyuma yako, endelea. Kikisimama kisha kikazunguka, simama nawe. Kikienda mbele, basi nyati ameshajua mpo watu na mlikula nini asubuhi. Mteja anaweza kuwa na bunduki ya mamilioni na darubini ya Ujerumani, anayeamua kama atapiga au hapigi ni hayo majivu.

Mdau, miombo ya Liwale huoni mbali. Nyasi zikishaungua unaona kidogo, zisipoungua unaona mgongo wa mwenzako. Nyati wengi wanapigwa chini ya mita 80, wengine 40. Kipima umbali cha leza utakipima nini? Mti?

#6 Mdau_Nachingwea

Mzee wangu Mngindo, shikamoo. Hiyo ya majivu nimeiandika. Ila mbona wateja wote wanakuja na darubini juu ya bunduki? Wote hawajui wanachofanya?

#7 Mngindo_Traka

Marahaba mwanangu. Wanajua, ila wanajua kwao. Kule mtu anampiga mbuzi wa mlimani kutoka mlima wa pili. Akija nayo huku imewekwa kukuza mara kumi, nyati akitokea mita thelathini anachoona ndani ya lenzi ni manyoya meusi tu. Hajui ni bega au tumbo.

#8 FundiMtutu_Mtwara

Wakuu nimechelewa. Niko Mtwara mjini, kazi yangu inanikutanisha na bunduki za watu wenye vibali.

Mdau na Mngindo wote mna haki, tatizo ni aina ya darubini. Kwa raifo ya 375 (namba hiyo ni ukubwa wa risasi) kwenye msitu wetu, weka inayokuza kuanzia mara moja au moja na nusu na kuishia mara nne au tano. Ukiishusha hadi mwisho, unapiga macho yote mawili yakiwa wazi. Na angalia nafasi kati ya jicho na lenzi ya nyuma. Bunduki ya kishindo kikubwa inataka sentimita 9 hivi au zaidi, la sivyo inarudi na kukuchana nyusi. Nimeona wageni wengi na kovu la nusu duara hapo juu ya pua. Tena iwe na vifungo vya kuitoa haraka, ukiingia kichakani kumfuata mnyama aliyejeruhiwa ubaki na shabaha za chuma.

Halafu kuna adui ambaye hamjamtaja, hewa ya bahari. Ukishika bolti kwa mkono wenye jasho jioni pale Mikindani, kesho asubuhi alama za vidole vyako zimeandikwa kwa kutu, unaweza kuzisoma mistari. Chuma kilichotiwa buluu kwa kemikali ni kizuri kwa macho lakini pwani kinateseka. Ndiyo maana naamini mabadiliko makubwa ya kizazi chetu ni chuma kisichoshika kutu na kitako cha sintetiki. Kitako cha mti wa jozi ni kizuri mno, ila masika kinavimba, kinaugusa mtutu, na shabaha inahama bila wewe kujua.

Na lenzi hukamatwa na ukungu kwa ndani. Zile pakiti ndogo za chembechembe zinazokuja kwenye maboksi ya viatu msizitupe. Ziwekeni kwenye kasha la darubini.

#9 Korosho_Newala

Naomba niingie na swali la mkulima. Sisi huku hatuna nyati wala mteja wa Ulaya. Tuna nguruwe pori. Wanamaliza mihogo kwa usiku mmoja, wakitoka hapo wanahamia kwenye karanga. Kwa shughuli hiyo, mtu achague nini?

#10 Mwera_wa_Nyangao

Mtu wa Newala hata uzi wa bunduki lazima aupitishe shambani 😄 Karibu ndugu yangu.

#11 Mama_Ruvuma

Mwera usimcheke, ni jambo zito. Nguruwe wa Newala wanahusiana na simba. Mwaka 2005 watafiti, wakiwamo Packer na Ikanda, walichapisha kwenye jarida la Nature kwamba tangu 1990 simba walikuwa wameua watu zaidi ya 563 Tanzania, na mikoa yetu ya Kusini ndiyo iliyoumia sana. Walichokiona ni kwamba wanyama wengine wa kuliwa na simba walikwisha, nguruwe pori wakabaki. Nguruwe anafuata shamba, simba anafuata nguruwe, na mkulima amelala kwenye dungu, kibanda cha kulindia shamba, anafukuza nguruwe. Mama yangu mdogo upande wa Lindi vijijini aliacha kulala shamba kwa ajili hiyo.

Kwa hiyo kifaa cha kwanza cha mkulima ni dungu lililoinuka, lenye kuta na mlango unaofungika, si kibanda cha nyasi chini.

#12 Korosho_Newala

Asante mama. Tunapiga madebe, tunawasha moto. Wengine wanatega nyaya.

#13 Askari_Mstaafu

Nyaya hapana. Nimefanya kazi ya ulinzi wa wanyamapori, nimetoa nyaya nyingi kwenye shingo za wanyama, na nimebeba mtoto aliyenaswa mguu. Waya hauchagui. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 imekataza mitego, sumu, kuwinda kwa taa usiku na kupiga ukiwa ndani ya gari. Mkulima apeleke taarifa kwa afisa wanyamapori wa wilaya au TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori), kuna askari wenye silaha na kuna utaratibu wa kifuta jasho. Najua kinachelewa, na nina uchungu nacho. Lakini njia ndiyo hiyo.

Sasa nijibu swali la uzi. Wote mmeongelea kilichomsaidia mwindaji halali. Mimi nasema kilichobadilisha pori la Kusini ni silaha za kijeshi, pikipiki na tochi kali za LED. Selous ilihesabiwa tembo wapatao 109,000 mwaka 1976. Sensa ya 2013 ikakuta 13,084. Hao hawakumalizwa na baruti ya Vieille wala Mauser ya 1898. Jangili wa zamani alitembea wiki nzima kwa miguu na kubeba pembe begani. Pikipiki ilipofika, alfajiri ameshatoka porini. Mwaka 2014 hifadhi ikaingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini.

#14 Kichwa_Shaba

Askari, hapo nimenyamaza kidogo. Heshima kwako.

Nirudi kwa kijana. Hakuna aliyegusa kichwa cha risasi, nacho ndicho kinachomgusa mnyama! Bunduki na darubini vinabaki mkononi mwako. Risasi za zamani laini zilikuwa zinapasuka juu ya mfupa, mnyama anakimbia na kidonda siku nzima. Mmarekani John Nosler alikasirishwa na hilo akatengeneza kichwa chenye ukuta katikati: mbele kinafunguka, nyuma kinabaki kizima na kuendelea kuingia. Akaanza kukiuza 1948. Leo vipo vya shaba tupu visivyo na risasi nyeusi (yale madini ya risasi) ndani, vinafunguka kama maua na havipotezi uzito.

Hii ya shaba ina faida nyingine. Risasi nyeusi inaacha vipande vidogo kwenye utumbo unaoachwa porini. Tai anakula, anapata sumu, anakufa. Anayependa pori afikirie hilo.

Kwa nyati, wengi wanaanza na risasi ya kufunguka ya ubora wa juu kisha zinafuata ngumu zisizofunguka, maana risasi ya pili na ya tatu mara nyingi unampiga akiwa ameshakupa mgongo au anakuja uso kwa uso.

#15 Kilwa_Kisiwani_Boy

Mdau chukua 458, ya risasi nene zaidi, achana na 375. Hiyo 375 ilitengenezwa baada ya vita kuu kwa ajili ya swala wa Ulaya.

#16 FundiMtutu_Mtwara

Kilwa Boy, hapana. 375 ya Holland & Holland ni ya mwaka 1912, kabla ya vita, na ilitengenezwa makusudi kwa wanyama wa Afrika na India. Ganda lake limechongoka kidogo kuelekea mbele ili kwenye joto kali litoke chemba (tundu la mtutu linapokaa ganda) bila kung'ang'ania. Kwa wanyama hatari ndiyo kiwango cha chini kinachokubalika kwetu. Unampiga nayo nyati na palahala kwa bunduki moja.

458 Winchester ni ya 1956. Ni kali, lakini miaka ya mwanzo ilisemwa vibaya kwa sababu baruti ilishindiliwa kupita kiasi ndani ya ganda fupi, ikikaa muda mrefu inaganda na haiungui vizuri. Siku hizi imerekebishwa. Kwa mwindaji bingwa anayemlinda mteja, ni sawa. Kwa anayejifunza, kishindo chake kitamfundisha kufumba macho kabla ya kufyatua, na tabia hiyo haitoki.

#17 Kilwa_Kisiwani_Boy

Nimekupata fundi. Lakini kwenye kichaka cha Kilwa mimi bado na kitu kinene.

#18 Mngindo_Traka

Fundi anasema kweli. Hakuna bunduki nene inayomponya aliyepigwa tumboni.

Mdau uliuliza mavazi, hawa watu wamekusahau. Sikiliza:

Usivae buluu wala nyeusi. Mbung'o wa Liwale wanazipenda rangi hizo, hata mitego yao serikali inashona kwa vitambaa vya buluu na vyeusi. Vaa kaki au kijani cha majani makavu, mikono mirefu, kitambaa kisichopiga kelele kikigusa mti. Nailoni inalia kila tawi.

Nguo za madoadoa kama za jeshi usiguse, hata kama mteja amekupa zawadi. Raia haruhusiwi. JWTZ walitoa siku saba mwaka 2023 watu wazisalimishe, na hilo halijabadilika.

Viatu: buti nyepesi la kifundo, soli laini. Usinunue lile gumu la mlimani, linavunja kijiti na nyati anasikia. Mimi nimetembea maisha yangu na katambuga za tairi, mwiba haupiti na mguu unapumua. Ila kwa kijana wa kampuni utaambiwa si za heshima, basi nunua buti na ulivae nyumbani hadi lilainike.

#19 Bi_Chikundi

Babu Mngindo katambuga zinaacha alama, hata askari anakufuata hadi mlangoni 😂

#20 Askari_Mstaafu

Bi Chikundi ni kweli kabisa. Tumewakamata watu kwa kumbukumbu ya tairi tu. Kila tairi ina mikato yake, ukiitunza kichwani hukosi.

#21 Mwera_wa_Nyangao

Mnaona tumefika wapi? Nilianza na Vieille tumeishia kwenye katambuga. Lakini sijaacha hoja yangu. Kichwa_Shaba, hizo risasi zako za shaba zingefunguka vipi bila kasi, na kasi inatoka wapi kama si baruti isiyo na moshi?

#22 Kichwa_Shaba

Kasi bila kichwa kizuri ndiyo iliyoharibu, mkuu. Wenye bunduki za kasi za mwanzo walilia kwamba risasi zinapasuka juu ya ngozi. Tatizo lililetwa na baruti yako, likatibiwa na kichwa changu.

#23 Mjukuu_wa_Matumbi

Na nyote mmeweka vitu vyenu ndani ya ganda.

#24 Mama_Ruvuma

Mdau nikupe la kwangu, maana mume wangu alifanya kazi vitaluni. Nunua darubini ya mkononi nzuri kabla ya kitu kingine, ya 8 kwa 42 (inakuza mara 8, lenzi ya mbele milimita 42) inatosha, iwe imezibwa maji. Hapo nakubaliana na wewe kuhusu lenzi. Utaitumia kutwa nzima, bunduki unaweza kumaliza siku hujaifyatua. Na fimbo tatu za kuegemeza bunduki ujitengenezee mwenyewe: mianzi mikavu mitatu, urefu ukufike kidevuni, ifunge juu kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Za dukani za alumini zinalia kama sufuria zikigongana.

#25 Mdau_Nachingwea

Wakuu nashukuru wote. Mpaka sasa: darubini ya mkononi 8 kwa 42, buti laini, kaki, fimbo za mianzi, soksi ya majivu, pakiti za kwenye maboksi ya viatu. Kipima umbali cha leza nimekiondoa. Ila bado naamini darubini ndiyo iliyobadilisha mambo, Mama Ruvuma ameniongezea nguvu. Nami najua nitapewa 375 ya bolti, sijaambiwa ya aina gani.

#26 Mngindo_Traka

Mama Ruvuma kachagua vizuri, ila darubini hiyo inaona mnyama aliyesimama. Aliyelala kivulini utamwona kwa ndege wanaomtoa kupe mgongoni. Wakiruka na kupiga kelele, simama.

#27 FundiMtutu_Mtwara

Mdau, uliza hilo kabla hujaenda porini. Raifo za mtambo wa Mauser wa asili zina ukucha mrefu unaoshika risasi tangu inapotoka kwenye magazini, hata ukiigeuza bunduki kichwa chini haitoki. Nyingine zinaisukuma tu mpaka chemba ndipo zinaishika. Ukiwa na haraka ukaisukuma bolti bila kuifunga, ukairudisha nyuma na kuisukuma tena, inaweza kubeba risasi ya pili nyuma ya ya kwanza na vyote vikakwama. Wapo wanaozitumia hizo maisha yao yote bila shida, na wapo wasiotaka kuziona mbele ya nyati. Waulize ni ipi, kisha omba uzoeshwe kuijaza gizani bila kuitazama. Halafu rudi hapa utuambie na urefu wa mikono yako, tuzungumze kitako.